Mlango wa Pili: Mapenzi Yanayofunga Watu katika Riwaya za Kiswahili

Katika riwaya ya Utengano, iliyotungwa na Said Ahmed Mohamed wa Zanzibar na kuchapishwa mwaka 1980, yumo bwana mmoja mwenye mali, cheo na heshima ya mji, Maksuudi kwa jina, ambaye akitoka kwenda kwenye shughuli zake huacha nyuma yake mke na binti wasio na ruhusa ya kuvuka kizingiti wala ya kumkaribisha mgeni ndani. Tamima, mkewe, hana shida ya chakula. Maimuna, bintiye, hana shida ya nguo. Nyumba ni njema na jina la mwenye nyumba ni kubwa. Lau ungalimwuliza Maksuudi kwa nini awaweke watu wake mahabusu kiasi hicho, asingalikosa jibu, kwani angalikwambia kwamba anawahifadhi, kwamba dunia ya leo imeharibika, na kwamba mtu hufungia kile akipendacho na huacha wazi kile asichokijali.

Jibu la namna hiyo lina nguvu kwa sababu si uongo mtupu. Mtu afungaye mlango kwa mapenzi aghalabu huamini mwenyewe kwamba anapenda, na yule aliyefungiwa naye huamini hivyo kwa muda mrefu, na majirani wapitao nje husema, alhamdulillahi, fulani anaitunza nyumba yake. Ndiyo maana kifungo hiki ni kigumu kueleza mbele ya kadhi, mbele ya mchungaji au mbele ya mwenyekiti wa mtaa: alama zake hazionekani mwilini, au zikionekana hupewa jina jingine. Watunzi wetu wa riwaya wamekieleza vema kuliko wanasheria na kuliko matabibu, na nimeona inafaa kuwasoma tena wachache wao kwa nia hiyo moja, ya kutazama mtu anaingiaje katika mapenzi yasiyo na njia ya kutokea, na ni kitu gani, pale anapotoka, kilichomtoa.

Kwanza tuitazame ashiki yenyewe, maana ina historia ndefu. Ibn Sina, hakimu mkubwa aliyefariki mwaka 1037, aliihesabu miongoni mwa maradhi katika kitabu chake cha utabibu, na akafundisha hila ya kuipeleleza: tabibu amshike mgonjwa mshipa wa mkono, kisha ataje majina ya watu, ya mitaa na ya kazi, moja baada ya moja, na pale mshipa utakapobadili mwendo kwa ghafla ndipo atakapojua ni nani aliyeuchukua moyo wa mgonjwa huyo. Mwaka 1921 tabibu Mfaransa, Gaëtan Gatian de Clérambault, alieleza wazimu wa mtu anayeamini kwa yakini kwamba fulani, mara nyingi mwenye cheo kumzidi, anampenda kwa siri, ilhali fulani huyo pengine hata hana habari naye. Na mwaka 1979 Dorothy Tennov, bingwa wa elimu ya nafsi huko Marekani, aliandika juu ya hali iliyo ya kawaida zaidi, ya mtu mzima na timamu ambaye fikra zake zimezongwa na mtu mmoja usiku na mchana, akisoma bishara katika kila tabasamu na msiba katika kila kimya. Jambo alilolisisitiza bibi huyu ni kwamba hali hiyo hulishwa na shaka. Mpendwa akikubali kwa moyo wote, homa hupungua. Akikataa kwa dhati, nayo hatimaye hupoa. Lakini akitoa tumaini leo na kulinyima kesho, basi ugonjwa huweza kudumu miaka.

Hapa Dodoma tuna hospitali ya Mirembe, iliyojengwa tangu enzi za Mwingereza kwa ajili ya wagonjwa wa akili, na jina lake limekuwa mzaha wa nchi nzima, hata kijana akizidi kumlilia msichana wenzake humwambia kwamba sasa apandishwe basi aletwe kwetu. Mzaha huo siupendi sana, maana wagonjwa si kichekesho. Ila umeelekea palepale alipoelekea Ibn Sina, kwamba mwenye kuhitaji kutazamwa ni yule apendaye. Washairi wa Uarabuni na Uajemi nao walielekea hukohuko walipomtia jangwani Majnuni wa Leila, na Mwingereza Emily Brontë hakwenda mbali nao alipomwumba Heathcliff katika riwaya yake ya mwaka 1847, mwanamume anayependa hata kaburi la mpendwa wake halimpi amani, na ambaye kwa hasira ya mapenzi hayo huziangamiza nyumba mbili. Katika visa hivyo macho ya msomaji hukazwa juu ya mpenzi anayeungua. Wanariwaya wa Kiswahili, kwa kadiri nilivyowasoma, huelekea zaidi kugeuza uso upande wa pili, wakamtazama yule anayependwa, au anayedaiwa kupendwa, wakauliza yeye analala wapi, anakula nini, na ufunguo uko mfukoni mwa nani.

Hakuna aliyeliuliza swali hilo kwa ukali kuliko Euphrase Kezilahabi. Alizaliwa mwaka 1944 katika kijiji cha Namagondo, kisiwani Ukerewe, akafariki mwaka 2020, na riwaya yake ya kwanza, Rosa Mistika, ilitoka mwaka 1971. Mzee Zakaria, babaye Rosa, ni mlevi anayempiga mkewe Regina, na ambaye katika mambo ya riziki ya watoto wake si mtu wa kutegemewa. Na bado mtu huyu, aliyeacha kila kitu kimponyoke mkononi, ameshikilia jambo moja kwa nguvu zake zote, nalo ni ubikira wa binti yake. Inapogunduliwa kwamba kijana Charles amemwandikia Rosa barua, Zakaria hamwiti binti akamwuliza habari zake, wala hamwiti mkewe wakashauriana. Humpiga mtoto kipigo cha kutisha, na kuanzia siku hiyo Rosa hujifunza kuogopa wavulana kama mtu anavyojifunza kuogopa moto uliokwisha kumwunguza.

Tulitazame tendo hilo kwa karibu, kwa kuwa riwaya nzima imekunjwa ndani yake. Barua ile ya mtoto wa shule kwa mtoto mwenziwe yamkini ingalikufa yenyewe baada ya wiki chache, kama zinavyokufa barua nyingi za umri ule. Kipigo ndicho kilichoipa uhai. Kilimfunza Rosa mambo mawili kwa mkupuo mmoja: kwamba mwili wake si mali yake, na kwamba thamani yake yote imewekwa mahali pamoja, pasipoonekana, pasipoweza kutengenezwa pakiharibika. Anapokwenda shule ya bweni, mbali na jicho la baba, hana kipimo chake mwenyewe cha kujua lipi ni jema na lipi ni baya, kwa sababu hakuwahi kuachwa apime. Alikuwa na mlinzi, sasa hana, na mlinzi alipoondoka hakubaki kitu ndani ya kuta zile. Anayoyafanya baadaye, pamoja na mimba na kuzitoa, wasomaji wengi waliyachukia, na kitabu kikapigwa marufuku mashuleni, hata miaka ilipopita kikarudishwa na kufundishwa. Sioni kama wale waliokizuia walitofautiana sana na Zakaria, ijapokuwa nina hakika walikuwa na nia njema. Naye Zakaria, kwa namna yake, alikuwa nayo.

Kisha Charles hurudi. Sasa ni mtu mzima, ana kazi, na anataka kuoa, na msomaji aliyechoka na taabu za Rosa huvuta pumzi akidhani faraja imefika. Haijafika. Charles huhitaji hakikisho kwamba mchumba wake hajaguswa, na akijua kwamba ameguswa humwacha, na Rosa hujiua. Hapo ndipo Kezilahabi anapotuonyesha kwamba ufunguo ulibadili mfuko tu: kile alichokilinda baba kwa fimbo, mchumba alikuja kukidai kwa adabu, na kati ya wanaume hao wawili, mmoja mkatili na mmoja mpole, hakuna aliyewahi kumwuliza Rosa yeye anataka nini. Charles kwa mtazamo wangu ni wa kutisha kuliko Zakaria, kwa sababu anapendeza.

Nimemtafuta katika riwaya ile mtu mmoja wa nje, asiye baba wala mchumba, ambaye Rosa angaliweza kumkimbilia akalala kwake usiku mmoja bila kulipa kitu chochote, nisimwone. Anao mashoga wa kumfundisha starehe, hana wa kumpa sitara. Mama yake anampenda bila sharti, ila Regina mwenyewe hupigwa, na mfungwa hawezi kumfungulia mfungwa mwenziwe. Mwishowe mtunzi huwasimamisha baba na binti mbele ya Mungu, kila mmoja akimshitaki mwenzake, na wahakiki wamebishana sana kuhusu hukumu ile, kwamba ni nani aliyeshinda. Mimi ninachokiona ni jambo dogo zaidi: ilibidi wote wawili wafe kwanza ndipo wapate kuzungumza, mmoja akisema na mwenzake akisikiliza.

Msomaji wa huku nyanda za kati, akiwa Area D hapa mjini, au Kongwa, au Mpwapwa, huenda akasema kwamba hayo ni mambo ya watu wa visiwani na wa ziwani, ya nyumba zenye madirisha yaliyofungwa na makufuli, na kwamba Ugogoni mwanamke hushinda shambani na kisimani, nani atamfungia? Ni kweli kwamba tembe la Mgogo halikujengwa kwa ajili ya kuficha watu. Walakini kifungo hakihitaji ukuta. Marehemu Mathias Mnyampala wa Ihumwa, mshairi na mwandishi ambaye wengi tunamjua kwa Ngonjera zake, alituandikia mwaka 1954 kitabu cha historia, mila na desturi za Wagogo, na mwaka 1969, mwaka uleule aliofariki Mnyampala, mtafiti Peter Rigby akatoa kitabu kizima juu ya ng'ombe na ujamaa wa Wagogo. Mtu akivisoma vitabu vya namna hiyo huku akikumbuka aliyoyasikia kwa wazee, hulitambua jambo lililo wazi kwa kila mtu wa Chamwino: ng'ombe wa mahari hawatoki katika zizi moja wala hawaingii katika zizi moja. Baba hutoa, ndugu hutoa, mjomba hutoa. Na upande wa pili vivyo hivyo, baba hupokea, ndugu hupokea, mjomba hupokea.

Sasa fikiri juu ya mwanamke anayetaka kutoka. Ng'ombe wake wamekwisha kutawanyika; mmoja amechinjwa, wawili wamezaa, na waliobaki pengine kaka yake amewatoa mahari akaoa, na mke wa kaka ana mimba. Kumrudisha dada nyumbani ni kuivunja nyumba ya kaka. Hakuna aliyemfungia, wote wanampenda, na wote, kila mmoja kwa sababu yake ya haki, watamwambia neno moja, vumilia, mama. Nisiwe dhalimu kwa mila hiyo, maana ng'ombe haohao walikuwa mashahidi wake. Mume aliyejua kwamba koo mbili zina mkono katika ndoa yake alijua pia kwamba akizidi ubaya ataitwa na kuulizwa mbele ya wazee wa pande zote mbili, hali ambayo mke wa leo, aliyeolewa mjini kwa bahasha ya fedha iliyokwisha kutumika kabla ya arusi, mara nyingi hana. Kamba ya kumfunga mtu na kamba ya kumwokoa zilisokotwa kwa ukindu mmoja, na hilo ndilo linalotufanya tushindwe kuikata.

Tukirudi Unguja, tunamkuta Yasmin. Adam Shafi, katika Vuta N'kuvute iliyochapishwa na Mkuki na Nyota mwaka 1999, anatupeleka katika Zanzibar ya wakati wa ukoloni, ambako kigori wa Kihindi wa miaka 15 anaozwa kwa Raza, muuza duka ambaye kwa umri angalikuwa baba yake. Raza si Maksuudi. Hapigi, hatukani, na kwa kiasi awezacho humpenda mkewe na kuhangaika kumfurahisha. Na uhodari wa mtunzi ni kwamba hakumfanya kuwa jini, akatuachia tatizo tupu lisilo na mtu wa kulaumiwa kirahisi: binti aliyewekwa kando ya mume asiyemtaka, mwenye kumpenda kwa namna ambayo kila wema wake humwelemea. Wema usioombwa nao ni deni, na mwenye kudaiwa deni asilolikopa hujiona mkosa kila siku bila kujua kosa lake.

Kuhusu umri ule wa miaka 15, kuna jambo la kukumbusha. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ilipitishwa mwaka 1971, mwaka uleule wa Rosa Mistika, na iliruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi, na hata 14 kwa idhini ya mahakama, wakati mvulana ilimpasa kufikisha 18. Aliyevipeleka vifungu hivyo Mahakama Kuu ni mwanasheria Rebeca Gyumi, mzaliwa wa Dodoma hii yetu. Mwaka 2016 mahakama ikatamka kwamba vifungu hivyo vinakwenda kinyume cha Katiba na ikaipa Serikali mwaka mmoja ivirekebishe, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikaithibitisha hukumu hiyo. Yasmin wa riwaya hakuwa na mahakama ya kumsaidia. Alikuwa na Mwajuma.

Mwajuma ni mwanamke wa Ng'ambo, maskini, mcheshi, mpenda ngoma na mazungumzo, ambaye watu wenye kujiheshimu wa Mji Mkongwe wasingalimtaja mbele ya mabinti zao. Yasmin anapomkimbia mumewe, na jamaa zake wenyewe wanapomkana kwa aibu aliyowaletea, ni Mwajuma anayempokea. Chumba chake si cha kifahari na chakula chake ni cha siku kwa siku. Lakini hamwulizi mgeni wake atakaa mpaka lini, hamdai shukrani, na hamgeuzi kuwa mtoto wake wala mtumishi wake. Humcheka akikosea kupika, humfunza mji ulivyo, humwacha atoke na arudi. Nimesoma maandishi mengi juu ya riwaya hii, juu ya siasa yake na juu ya ukoloni, na naona kama Mwajuma hajapewa haki yake. Amil Shivji aliitengenezea riwaya hii filamu mwaka 2021, ikaonyeshwa hata katika tamasha la Toronto, na waliotoka kuitazama walizungumza zaidi habari za wapenzi wawili, kama ilivyo kawaida ya watazamaji. Lakini bila chumba kile cha Ng'ambo wapenzi hao hawangekuwako.

Huo ndio mlango wa pili ninaoutaka msomaji autazame. Ukiwapanga pamoja wafungwa wote wa mapenzi katika riwaya hizi, huoni kwamba waliopona walikuwa na moyo mgumu kuliko walioangamia. Rosa ana ujasiri mwingi kuliko Yasmin wa kurasa za mwanzo. Tofauti ni kwamba mmoja alikuwa na mtu wa nje, na mwingine hakuwa naye. Mtu aliyezongwa na mapenzi ya mwenziwe hupoteza kwanza akili ya kupima, kwani kipimo pekee alichobakiwa nacho ni uso wa yule anayemfunga, akifurahi na yeye kufurahi, akinuna na yeye kutetemeka. Naye hawezi kukirudisha kipimo hicho akiwa peke yake, hata akiwa na elimu.

Hata hivyo Said Ahmed Mohamed, ambaye ni mtunzi mwenye uchungu zaidi, hakukubali kuliacha jambo hili liwe jepesi hivyo. Katika Utengano nako kuna mwanamke wa kufungua mlango. Tamima anaposhikwa na uchungu wa uzazi, Biti Kocho huingia katika nyumba ile isiyoingiliwa na mtu, kumsaidia. Maksuudi akarudi, akaona amri yake imevunjwa, na nyumba ikasambaratika kwa kipigo na talaka. Maimuna hutolewa, hufika kwa Bi Farashuu, na msomaji wa Vuta N'kuvute angalitazamia sasa aanze kuponywa. Lakini Bi Farashuu ana kisasi cha zamani na Maksuudi, kwa ajili ya mateso aliyompa binti yake mwenyewe, Mwanasururu, na mkono unaompokea Maimuna umebeba mizani ya kulipiza. Mtoto aliyekuwa amefungiwa kwa jina la heshima ya baba sasa hutumiwa kuivunja heshima hiyohiyo. Hatimaye huangukia kwa Mama Jeni, katika nyumba ya ulevi na uasherati, na miaka ya ujana wake huteketea huko. Alitoka katika nyumba, lakini hakutoka katika ugomvi wa wakubwa. Mlango uliofunguliwa kwa chuki haukumpeleka nje. Ulimpeleka chumba cha pili cha nyumba ileile.

Maksuudi mwenyewe hakusalimika. Mtunzi amempelekea Kazija, mwanamke mwenye kujua thamani ya kutoa tumaini na kulinyima, na yule bwana aliyeamuru mkewe asione mtu akawa yeye ndiye anayenyatia usiku kwenye nyumba ya mtu, anayengoja kwa zamu, anayesadiki kila ahadi. Mwanawe Mussa naye amenaswa kwa ndoana hiyohiyo, hata baba na mwana wakutane pale kwa Kazija, aibu ambayo haina tafsiri wala samahani. Kila nikifika sehemu hiyo huona mtunzi amezidisha kidogo, kama mtu anayetaka adhabu ilingane na kosa kwa ratili na wakia. Ila siwezi kukana kwamba ameielewa siri ya wafungaji. Mtu anayefunga wengine kwa mapenzi mara nyingi ni yule asiyeweza kustahimili shaka hata saa moja, na kwa hiyo akipatikana mtu wa kumwekea shaka, huwa mtumwa mwepesi kuliko wote.

Riwaya ya Kiu, ya Mohamed Suleiman Mohamed, iliyotangulia kutoka mwaka 1972, naitaja kwa ufupi tu, kwa sababu ndani yake mapenzi na fedha vimefungamana hata mtu hawezi kuvitenga: tajiri mzee Mwinyi anamtamani Bahati, binti wa kimaskini, kijana Idi, anayemtumikia tajiri, amesimama katikati, na kila mmoja anamshika mwenziwe kwa kile mwenziwe anachokikosa. Hakuna Mwajuma katika kitabu kile, na wala hakuna anayetoka salama.

Yamkini msomaji atasema kwamba siku hizi mlango wa pili umewekwa na dola. Kwa kiasi fulani umewekwa. Sheria ileile ya 1971, pamoja na dosari yake ya umri, ilitamka waziwazi katika kifungu cha 66 kwamba mume hana haki ya kumpiga mke wala mke kumpiga mume, na iliuhesabu ukatili wa akili sawasawa na ukatili wa mwili miongoni mwa dalili za ndoa iliyovunjika. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Bi Hawa Mohamed, ilikubali kwamba kazi ya nyumbani ya mke ni mchango katika mali ya ndoa, na neno hilo ni zito kuliko linavyosikika, kwani mtu asiye na chake cha kuondoka nacho mlango hata ukiwa wazi hatoki. Siku hizi polisi nao wana Dawati la Jinsia na Watoto. Lakini kabla ya kudai talaka mtu hupitishwa kwanza katika baraza la usuluhishi, na wazee wa baraza, ambao ni watu wema waliofundishwa kupatanisha, huona fahari kuwarudisha wawili nyumbani. Ndoa zinazohitaji kupatanishwa ni nyingi, nami nawashukuru. Iko tu ndoa moja moja ambayo ndani yake mwenye kufunga ni mpole, mwenye ulimi mtamu, mwenye kulia mbele ya baraza kwa mapenzi aliyo nayo, na mwenye kufungwa ni mkali, hana mpangilio wa maneno, na anaonekana mkorofi; hapo baraza lingefaa limsome Raza, na limsome Charles.

Nimalizie na Yasmin, maana kuna ubishi juu yake ambao bado haujaisha. Baada ya kutoka kwa Raza humpenda Denge, kijana mwanaharakati aliyesoma ng'ambo na kurudi na siasa ya kuwang'oa wakoloni, mwenye mambo ya siri, anayeonekana leo na kutoweka kesho, anayewindwa na polisi wa Mwingereza. Denge humpenda, lakini moyo wake umegawanyika, na sehemu kubwa si ya Yasmin. Kila aliyesoma maneno ya Dorothy Tennov juu ya shaka atatambua kinachompata binti yule: kungoja hatua mlangoni, kusikia habari nusu, kufurahi kupita kiasi kwa saa moja ya kuonana. Naye Denge hakumfungia mlango wowote. Alikuwa mtu wa haki, na jambo aliloliweka mbele yake lilikuwa tukufu. Kifungo kilikuwapo vilevile, mara hii bila bwana wa kifungo.

Mwisho wake Yasmin huolewa na Bukheti, kijana mtaratibu asiye na hotuba, nami kila mwaka husikia vijana wanaosoma fasihi wakilalamika kwamba Adam Shafi amewaibia, kwamba hadithi kubwa ya mapenzi imemalizikia katika ndoa ya kawaida na mtu wa kawaida. Wanataka angalimngoja Denge mpaka kufa. Mimi niko upande wa mtunzi, na wakinibana huwauliza swali moja ambalo bado sijapata jibu lake kwao: katika wanaume wote wa riwaya ile waliompenda Yasmin, ni yupi mwingine ambaye alijua aliko mchana, akajua kwamba atarudi, na hakuhitaji kumfungia wala kumngojesha ili ampende?